Malalamiko ya jokofu hayahitaji picha ya uso wako

Ndugu Mhariri,

Kabla ya kustaafu nilikaa kwenye dirisha la malalamiko ya wateja kwa miaka 19. Nimepokea pasi zilizoungua, viatu vilivyoachia soli wiki ya kwanza, simu zilizogoma kuwaka na magodoro yaliyobonyea kabla mwezi haujaisha. Naijua sura ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu kisha akafukuzwa na yule yule aliyemuuzia. Huwa hana subira, na ana haki ya kutokuwa nayo. Nakuandikia kwa sababu kuna watu wamejifunza kuivizia hali hiyo, na wamempata mdogo wangu.

Jokofu lake lilikufa wiki ya saba tangu alinunue. Muuzaji akamwambia ameliharibu mwenyewe, akamkatia simu. Usiku ule usingizi haukuja. Akashika simu, akaandika maneno ambayo yeyote aliyedhulumiwa angeandika: nifanyeje nirudishiwe hela ya bidhaa mbovu. Juu kabisa ya majibu ikatokea tovuti iliyojiita kituo cha ushauri wa walaji. Aliifungua saa sita kasoro usiku. Saa saba haijafika, walikuwa wameshapata jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, picha ya uso wake akiwa amekishika mkononi, na namba ya kadi yake ya benki.

Aliponiambia, siku tatu zilikuwa zimepita. Nikaketi naye, tukaifungua tovuti ile kwenye kompyuta yangu, tukaipitia ukurasa kwa ukurasa bila kujaza jina wala namba yoyote, mimi nikiandika pembeni kwenye daftari kama nilivyozoea kazini. Maonyo mengi ninayoyasoma yanasema tovuti bandia utaijua kwa makosa ya tahajia na picha zilizofifia. Hii sikuiona kosa hata moja. Ilikuwa safi kuliko tovuti nyingi za ofisi za kweli.

Na ushauri wake ulikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Makala yao kuhusu waranti ilisema tunza risiti, andika siku hitilafu ilipoanza, peleka lalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala, mpe muuzaji muda wa kujibu kabla hujaenda ngazi ya juu. Mdogo wangu angekuja dirishani kwangu ningemwambia hayo hayo. Nikachukua sentensi moja ndefu kutoka makala ile, nikaizungushia alama za kunukuu, nikaitafuta mtandaoni. Ikatokea neno kwa neno kwenye tovuti ya shirika la kweli la kutetea walaji, ambako ilikuwa imekaa kwa miaka. Wezi hawakuandika chochote. Walinakili. Mtu anayesoma aya tatu zenye maana moyo wake unatulia, anasema hawa wanaijua kazi yao, na kuanzia hapo anajaza kila anachoulizwa. Kwa hiyo wasomaji wako wasiipime tovuti kwa uzuri wa ushauri wake. Ushauri mzuri unaweza kuibwa kama kitu kingine chochote.

Chini ya makala palikuwa na kitufe cha kijani: "Pima bure kama unastahili fidia." Ukikibonyeza, huulizwi jina. Unaulizwa kwa upole. Ni bidhaa gani? Uliinunua lini? Muuzaji alikujibuje? Umepata hasara nyingine? Ni maswali ambayo hata mimi ningeuliza, na kila ukijibu inawekwa tiki ndogo. Kisha unatokea mstari unaojaa polepole, juu yake maneno "Tunachambua kesi yako". Niliupima kwa saa ya ukutani: sekunde 20. Ukajaa, likaja jibu: "Hongera, una nafasi kubwa sana ya kulipwa." Nikarudi mwanzo nikajibu vingine kabisa, kwamba bidhaa ni nzima na muuzaji amekwisha kunirudishia hela. Sekunde 20 zile zile. Hongera ile ile.

Mdogo wangu alinyamaza akiutazama ule mstari mara ya pili. Usiku ule, aliniambia, aliposoma neno "hongera" machozi yalimlenga, kwa sababu kwa wiki nzima lilikuwa neno la kwanza zuri aliloambiwa kuhusu jokofu lile.

Baada ya hongera ndiyo ikaja fomu. Nataka niieleze kwa kuilinganisha na fomu niliyoitumia kazini, maana tofauti ya mwizi na mshauri iko hapo, na mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta anaweza kuiona. Fomu yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Jina lako na namna ya kukupata. Bidhaa gani, na ile namba iliyobandikwa nyuma ya kifaa. Ulinunua wapi na lini, na risiti kama unayo. Kimeharibika nini. Muuzaji amesemaje. Unataka nini: kutengenezewa, kubadilishiwa, au kurudishiwa hela. Basi. Karibu fomu nzima ilihusu kitu kilichoharibika.

Fomu ya wale haikuuliza namba ya nyuma ya jokofu. Haikutaka risiti. Haikumtaja hata muuzaji, ambaye ndiye wa kudaiwa! Iliuliza jina la baba, jina la mama kabla hajaolewa, tarehe na mahali pa kuzaliwa, namba ya kitambulisho na mwisho wa muda wake. Iliomba picha ya uso, "geuka kushoto, geuka kulia". Mwisho kabisa, "ili fidia yako iingie moja kwa moja", namba ya kadi pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma. Fomu nzima ilimhusu mtu. Jokofu lilisahauliwa tangu ukurasa wa kwanza.

Anayetaka kukushauri anahitaji kujua kilichotokea. Hahitaji kujua mama yako aliitwaje. Ushauri wa jumla, wa kukuambia haki yako ni ipi na uanzie wapi, hata jina hauhitaji; ungeweza kunipigia simu bila kujitaja nikakueleza yote. Najua zipo mamlaka zinazoomba namba ya kitambulisho unapofungua shauri rasmi, na sitaki kumtisha mtu asiende huko. Lakini hilo huja baada ya wewe kuwatafuta na kuwahakiki, na hata hapo hakuna anayeuliza neno la siri, tarakimu za nyuma ya kadi, wala namba iliyotumwa kwenye simu yako. Hela ya kurudishiwa humtoka muuzaji, kwa kawaida kwa njia ile ile uliyomlipa. Mshauri haishiki.

Sasa kuna jambo mdogo wangu alilolishikilia sana. Alisema, "Dada, ile kadi sikuituma. Niliandika namba, nikaingiwa na wasiwasi, nikafunga bila kubonyeza." Namwamini. Lakini asubuhi yake alipigiwa simu na watu waliokuwa wanaijua kadi yake. Kitufe cha "Tuma" hakizuii kitu. Ukurasa wa tovuti unaweza kutengenezwa usome kila herufi unapoiandika na kuipeleka kwa mwenye tovuti papo hapo. Na si tovuti za wezi tu. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Radboud, KU Leuven na Lausanne walitangaza matokeo ya kuzichunguza tovuti 100,000 zinazotembelewa sana duniani. Walipozifungua wakiwa Ulaya, 1,844 kati yake zilikuwa zinachukua barua pepe ya mtu kabla hajatuma fomu wala kukubali chochote; walipozifungua wakiwa Marekani, zilikuwa 2,950. Hizo ni tovuti za kawaida, nyingi zikifanya hivyo kupitia programu za matangazo na ufuatiliaji zilizopachikwa ndani yake. Aliyetengeneza ukurasa kwa nia ya kuiba hana cha kumzuia. Ulichokiandika kwenye kisanduku, hesabu kwamba kimekwenda.

Simu ile ya asubuhi sitaieleza yote. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye adabu, akampa pole ya jokofu kwa kulitaja hadi aina yake, akasema kesi imefunguliwa na "namba ya kesi" inatumwa kwa ujumbe, amsomee tarakimu sita. Ujumbe ulifika kweli. Ulitoka benki. Juu ya tarakimu paliandikwa usimpe mtu yeyote namba hii. Nilimuuliza mdogo wangu kama alisoma maneno yale. Akasema aliyaona, lakini sauti ilikuwa sikioni inasubiri tarakimu. Hela iliyokuwamo ikaondoka. Kesho yake jioni laini yake ikakata mawasiliano, kwa sababu kuna mtu alikuwa amekwenda kuisajili upya kwa kutumia majibu aliyoyatoa mwenyewe kwenye fomu. Baadaye tukagundua na mkopo mdogo umechukuliwa kwa jina lake.

Wengi watauliza, je, hakuitazama anwani ya tovuti? Aliitazama. Ndani yake mlikuwa na jina la taasisi anayoijua. Hapa ndipo panapohitaji subira kidogo ya msomaji, maana anwani za mtandaoni hazisomwi kama tunavyosoma barua. Tuseme ofisi ya kweli ina anwani hakimlaji.mfano (nimeweka neno "mfano" mwishoni nisije nikataja tovuti ya mtu). Mwizi anaweza kutengeneza hakimlaji.fidiasasa.mfano. Jicho linakutana na "hakimlaji" kwanza, linaridhika. Lakini mwenye nyumba ni "fidiasasa". Hilo la mbele ni chumba alichokibandika jina analotaka, na hakuna anayemzuia. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza unaosimama peke yake, baada ya ile miwili ya mwanzoni, kisha urudi nyuma kuelekea kushoto: maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju ule ndiyo kwa kawaida yanayosema wewe uko kwa nani. Kwenye nchi zenye anwani za sehemu mbili mwishoni huwa matatu. Yaliyo kushoto zaidi, na yote yanayofuata baada ya mkwaju, ni mapambo.

Kistari nacho ni mtego. hakimlaji-fidia.mfano si tawi la hakimlaji.mfano. Ni tovuti nyingine kabisa, kama watu wawili wenye jina moja la kwanza. Tovuti iliyomnasa mdogo wangu ilikuwa ya namna hii, na kwenye simu yake sehemu ya mwisho ya anwani ilikuwa imekatwa isionekane. Kivinjari cha simu, yaani programu ya kufungulia tovuti, hufupisha anwani ndefu. Iguse, ifunguke yote, ndipo uisome. Isome herufi kwa herufi, maana "r" na "n" zikibanana huonekana "m", na tarakimu 1 hujificha mahali pa herufi "l". Kuna hata herufi za alfabeti ya Kirusi ambazo kwa macho hazitofautiki na "a" au "e" zetu. Vivinjari vingi huzifichua kwa kuandika anwani inayoanza na "xn--", na ukiona hivyo mahali ulipotarajia jina la kawaida, ondoka.

"Lakini kulikuwa na kufuli," mdogo wangu aliniambia. Maskini, hilo tulimfundisha sisi. Kwa miaka mingi watu wazima kama mimi tumewaambia vijana watazame alama ya kufuli. Kufuli lile linasema mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa yasisikilizwe na mtu wa tatu. Halisemi kama unayezungumza naye ni mwaminifu. Cheti kinacholeta kufuli hutolewa bure. Shirika liitwalo Let's Encrypt limekuwa likivitoa tangu 2015, kwa nia njema kabisa, na mwizi anavichukua kama mtu mwingine yeyote. Google wenyewe waliiondoa alama hiyo kwenye anwani za kivinjari chao cha Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wanaielewa vibaya. Aliyekwisha kuizoea bado anaitafuta, na akiiona anatulia.

Nitaje na hiki, maana kilinichukua dakika mbili tu na ndicho kilichomaliza ubishi. Chini ya tovuti ile paliandikwa "Tunawatetea walaji tangu 2009". ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, lina ukurasa wa bure wa kutafuta jina la tovuti lilisajiliwa lini. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, lakini tarehe huonekana. Tuliandika anwani, ikajibu: imesajiliwa wiki tano zilizopita. Kisha tukaenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala linalohifadhi sura za zamani za tovuti. Kurasa zake zinarudi nyuma hadi 1996. Ya kituo chetu hakukuwa na ukurasa hata mmoja.

Watetezi wa kweli wa walaji wana nyayo ndefu. Consumer Reports ya Marekani ilianza 1936, Which? ya Uingereza ilitoa toleo lake la kwanza 1957. Consumers International, muungano wao wa dunia ulioundwa 1960, una wanachama zaidi ya 200 katika nchi zaidi ya 100, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti yake. Ukitaka kujua nani anatetea walaji nchini kwako, anzia kwenye orodha kama hiyo, au kwenye anwani iliyochapwa kwenye hati ya serikali, ufuate kutoka hapo. Usianzie kwenye kisanduku cha kutafutia, hasa ukiwa na hasira usiku.

Kwa sababu kile kilichotokea juu kabisa hakikuwa jibu. Kilikuwa tangazo. Nilimwonyesha mdogo wangu neno dogo la rangi hafifu lililosema limelipiwa. Mtu akilipia maneno "kurudishiwa hela", anakaa juu ya ofisi ya kweli, na anayelipia zaidi ndiye mwenye haja zaidi ya kukupata. Desemba 2022 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walitoa onyo kuhusu jambo hili hili: wahalifu wananunua matangazo kwenye injini za kutafutia wakijifanya kampuni zinazojulikana.

Picha za "walaji tuliowasaidia" sikuzipa muda mrefu. Zilikuwa nne. Macho ya wote wanne yalikuwa kwenye kimo kimoja cha picha kama yamepimwa kwa rula, na mama mmoja alikuwa na hereni sikio moja, sikio la pili halina hata tundu. Nyuso za namna hiyo hutengenezwa na kompyuta. Nembo za taasisi zilizopangwa chini zilikuwa picha tu. Ukizibonyeza hazikupeleki popote.

Wiki ya nne ikaja simu nyingine, na hii naomba, Mhariri, uipe nafasi hata kama utalazimika kupunguza barua yangu kwingine. Mwanamume alijitambulisha kuwa anatoka kitengo cha kuwasaidia walioibiwa mtandaoni. Alijua kiasi kilichoibwa. Alijua tarehe. Akasema hela imeonekana na imezuiwa, inahitajika ada kidogo ya kuifungua. Mdogo wangu, aliyekuwa ameapa hatadanganywa tena, alikuwa ameshaanza kutafuta ada hiyo. Nilifika kwake kwa bahati. Huyo aliyajua yote kwa sababu ni wao wale wale, au waliouziwa orodha yao. Majina ya walioibiwa huuzwa, maana aliyeumia mara moja ana uchungu wa kutaka chake. Marekani wana kanuni inayowakataza wanaopiga simu kuuza huduma ya kurejesha hela zilizopotea wasidai malipo hadi siku 7 za kazi zipite baada ya mtu kupokea hela yake. Kanuni ya namna hiyo haiandikwi kwa kisa kimoja au viwili.

Tulichofanya sisi, kwa atakayekuwa mahali petu leo: tulipiga simu benki kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi, kadi ikafungwa. Barua pepe tuliibadilishia neno la siri kabla ya akaunti nyingine zote, kwa kuwa akaunti nyingine hujifungulia kupitia barua pepe. Anayeishika hiyo anazishika zote. Tulikwenda wenyewe kwa kampuni ya simu kuirudisha laini. Tulitoa taarifa polisi tukachukua namba ya jalada, na namba hiyo ndiyo iliyotusaidia tulipoukana ule mkopo. Mdogo wangu sasa anatumia programu ya kutunza maneno ya siri, na nimeipenda kwa sababu moja: haidanganyiki kwa sura. Ukifika kwenye anwani isiyo yenyewe haijazi neno la siri hata kama ukurasa unafanana kabisa. Isipojaza, simama ujiulize.

Kilichotugharimu zaidi ni zile siku tatu za kwanza. Laini ilikatwa siku ya pili. Kama angeniambia asubuhi ile ile, laini tungeiwahi, na pengine mkopo usingekuwapo. Hakusema kwa sababu ya aibu. Alijua nilifanya kazi gani, akaogopa nitasema ilikuwaje wewe, ndugu yangu mimi. Nakiri kwamba maneno hayo yalinifika mdomoni. Wenye wazee, wenye vijana, wenye wadogo zenu: akikuambia, mwulize kwanza ni saa ngapi alituma, na simu ya benki ipigwe hapo hapo.

Sasa nije kwako, Mhariri. Kila tarehe 15 Machi magazeti huandika kuhusu Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Siku hiyo huadhimishwa tangu 1983, kukumbuka hotuba ya Rais Kennedy wa Marekani ya 15 Machi 1962 iliyotaja haki ya mnunuzi kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Makala huwa nzuri, nami huzikata na kuzitunza. Lakini karibu zote humalizia na sentensi moja: "wasiliana na mamlaka husika". Mamlaka ipi? Kwa anwani gani? Msomaji aliyeachwa hapo anakwenda kutafuta mwenyewe, na mmeona anakutana na nani juu kabisa. Naomba kila mnapochapa habari ya haki za walaji, mchape anwani kamili ya ofisi husika, herufi kwa herufi, na namba yake ya simu, mkiwa mmeipiga wenyewe kuhakiki. Karatasi ya gazeti haina tangazo linaloweza kuchomekwa juu ya anwani hiyo usiku. Naomba pia dawati lenu la matangazo lisipokee tangazo la "kituo cha ushauri" au "fidia" kabla halijatazama tovuti yake ilisajiliwa lini.

Tovuti ile niliiripoti kwenye ukurasa wa Google wa kupokea taarifa za tovuti za wizi, na kwa kampuni iliyolisajili jina la tovuti ile. Barua pepe yao ya malalamiko ilikuwa kwenye jibu lile lile la ICANN. Baada ya siku sita haikufunguka tena. Juzi nimeandika maneno yale yale ya mdogo wangu kwenye kisanduku cha kutafutia. Imetokea tena juu kabisa, makala zile zile, kitufe kile kile cha kijani, mstari unaojaa kwa sekunde 20, jina jipya lenye kistari. Nimeiripoti leo asubuhi. Kurasa zote nimezichapa zikiwa na tarehe, na mwandishi wako akitaka kuziona nitampa.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mstaafu wa dirisha la malalamiko
(Jina na anwani yangu unavyo, naomba visichapwe kwa ajili ya mdogo wangu.)